Ukitaka kufungua kampuni ya filamu Unguja, anza na siku mtakayoachana

Tulikuwa watano, mwaka 2008, kwenye chumba cha uani Kikwajuni: muongozaji, mpiga picha, mhariri, mtu wa sauti, na mie niliyeshika daftari. Tulimaliza filamu mbili. Tulipofunga mlango 2016 tulikuwa na nyengine tatu ambazo hazikumalizika. Lile daftari, kaunta buku la ganda jekundu, bado ninalo, na karibu kila nitakalokuelezeni hapa nimelitoa humo.

Vijana wanaonijia huanza na suala moja: tununue kamera gani? Kamera nawaambia ije mwisho. Kwanza nunueni karatasi.

Karatasi ya kwanza

Kaeni chini siku ambayo bado mnapendana. Andikeni nani kaleta nini: nani kaleta pesa, nani kaleta kompyuta ya kaka yake, nani kaleta hadithi. Andikeni filamu ni ya nani na kwa mafungu mangapi. Kisha andikeni yale mazito: mmoja akitoka, anatoka na nini? Akisafiri akakaa ng'ambo miaka mitano, fungu lake liko wapi na nani anamtilia sahihi? Akifa? Na nani, akiwa peke yake, anaruhusiwa kuuza?

Sisi hatukuandika hata mstari mmoja. Kwetu kuna muhali. Mtu uliyekula naye sahani moja tokea skuli ukimwambia "tuandikiane", anahisi humuamini. Basi tukanyamaza, kila mmoja akimuonea haya mwenzake. Na sote tulisoma chuoni, chuo cha Qur'ani. Sote tunajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha watu wanaokopeshana waandikiane. Ukishikwa na muhali, anzeni kikao kwa kuisoma aya hiyo. Mie sasa ndivyo ninavyofanya ninapowasaidia wengine, na sijamuona aliyekasirika.

Jambo la pili katika karatasi hiyo ni usajili, na hapa watu wengi hawapaelewi. Sisi tulisajili jina la biashara tu. Tulijiita kampuni, tukapiga muhuri, tukachapisha fulana, lakini mbele ya sheria palikuwa na watu watano wanaotumia jina moja. Kampuni iliyosajiliwa kikweli ni mtu mwengine kabisa: inamiliki mali yake, inadaiwa madeni yake, na mwanachama akifa yenyewe inabaki na filamu zake, kinachorithiwa ni hisa. Jina la biashara halimiliki kitu. Filamu yetu ilikuwa yetu watano, kama shamba la mikarafuu lisilogawiwa. Siku hizi yote mawili yanafanywa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Lipeni ile tofauti ya gharama. Nitakuonesheni huko mbele ilitugharimu nini kuikwepa.

Kinacholisha

Hakuna kampuni ya filamu niijuayo hapa Unguja iliyoishi kwa filamu peke yake. Tulipoanza, sinema za wazee wetu, Majestic ya Vuga, Empire na Cine Afrique, hazikuwa pa kutegemea tena. Soko lilikuwa DVD na kwenye televisheni. Kilichotulisha sisi kilikuwa harusi.

Na ndani ya harusi, kilichotulisha zaidi ni upande wa wanawake. Mwanamme haingii na kamera kwenye shughuli ya wanawake, na wanawake ndio wanaotaka ukumbusho wa siku ile. Mie ndiye niliyekuwa nikiingia. Nilijifundisha kamera kwa ajili hiyo tu, na kuanzia 2009 jina letu lilikuwa likitajwa kutoka Jang'ombe mpaka Mwanakwerekwe. Kama hamna mwanamke anayepiga picha kati yenu, mtafuteni, na mumpe fungu kamili.

Lakini kazi hiyo ni amana. Bibi harusi kavua buibui mbele yako, na mama zake, na shangazi zake. Kanda za wanawake nilizifungia kwenye kabati langu nyumbani, ufunguo ninao mie. Nilizihariri mwenyewe usiku, hata mhariri wetu hakuziona. Mkabidhi mwenyewe kazi yake mkononi, ufute iliyobaki mbele yake, na akuone ukifuta. Neno hilo moja, kwamba kwetu picha haitoki, lilituletea wateja kuliko tangazo lolote.

Disemba 2009 umeme ulipokatika Unguja nzima, tukakaa gizani mpaka Machi 2010, sisi tulikuwa na jenereta ndogo tuliyoinunua baada ya giza la 2008. Watu hawakuacha kuoana. Miezi ile mitatu ndiyo iliyolipia filamu yetu ya kwanza. Ninayo hesabu yake: harusi kumi na tisa, nyingi kwa 350,000, mafuta ya petroli yakila karibu robo.

Pesa ziwekeni mahali patatu na msizichanganye hata kwa siku moja. Mahali pa kwanza ni pesa za kuendesha: kodi, umeme, nauli, matengenezo. Pa pili ni pesa za filamu. Pa tatu ni arubuni za wateja, na hizi si zenu. Mpaka harusi imepigwa picha na kanda imekabidhiwa, arubuni ni mali ya watu iliyolala kwenu. Nimelipigia mstari neno hili kwenye daftari langu mara tatu, kwa kalamu nyekundu, lakini nilipiga baada ya kuharibika.

Ruhusa

Hili nitalipita haraka kwa sababu halina fumbo, linataka miguu tu. Skripti na filamu mnazipeleka Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, BASSFU. Mkipiga ndani ya Mji Mkongwe, ongeeni na Mamlaka ya Mji Mkongwe mapema. Hakimiliki nendeni COSOZA. Mkitaka kuuza Bara, jueni kwamba karatasi za Unguja hazikumalizieni kazi. Kule kuna Bodi ya Filamu yao na COSOTA yao, na mtaanza upya.

Kuliko zote, nendeni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji. Nendeni siku tatu kabla, kwa miguu yenu, na barua, na mumueleze hadithi inahusu nini. Sheha akishajua, kijiji kinajua. Hata muadhini tulizoea kumuuliza nyakati zake, maana misikiti mitano ikiadhini kwa kupishana dakika mbili mbili, robo saa nzima huwezi kurikodi mazungumzo. Mtu wetu wa sauti, Mpemba wa Wete, alikuwa akizipanga nyakati hizo kwenye ratiba ya siku kama vile wengine wanavyopanga chakula. Adhana ikianza tulizima kila kitu, waliotaka kusali walisali, na kazi ikaendelea kwa utulivu kuliko ilivyokuwa.

Panga kwa mwezi wa angani

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kampuni yetu ilipopasuka.

Filamu ya pili ilipooneshwa Ngome Kongwe, wakati wa Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, watu walisimama. Nilimuona mama mmoja anajifuta machozi kwa ukaya. Baada ya usiku ule tulihama uani, tukakodi ofisi ya vyumba viwili Mlandege kwa kodi ya mwaka mzima mbele. Harusi tukaanza kuziona kazi ya zamani. Na tukaanza filamu tatu kwa mpigo, kwa hoja kwamba jina likiwa moto lazima lipikiwe.

Niliwahi kusoma baadae habari za kampuni ya Waingereza iitwayo Goldcrest. Ilianza 1977, ikawa nyuma ya filamu ya Gandhi iliyochukua Oscar 8 mwaka 1983. Kisha wakawa na filamu tatu kubwa mikononi kwa wakati mmoja, Revolution, Absolute Beginners na The Mission, na pesa zilizokuwa zikizunguka hazikutosha kuzibeba zote. Kufika 1987 kampuni ikauzwa. Niliposoma nilikwenda kuchukua daftari langu nikalifungua ukurasa wa Februari 2014. Tarakimu zao zilikuwa za mamilioni ya pauni, zetu za mamilioni ya shilingi, na ukurasa ulikuwa ule ule.

Moja ya zile tatu ilikuwa ya mkulima wa mwani. Tulikwenda Jambiani. Muongozaji alitaka mandhari moja ndefu: mwanamke anafunga mwani kwenye kamba, maji yamepwa mpaka mbali, kisha maji yanarudi taratibu naye haondoki. Mandhari hiyo ilipangiwa siku mbili.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwani unafikika sawasawa wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Lakini hayapwi saa ile ile kila siku: kila siku yanachelewa kwa dakika hamsini hivi. Siku ya kwanza saa nne, ya pili saa tano kasoro dakika kumi, ya tatu karibu saa sita kasorobo. Ikifika siku ya nne jua limeshakuwa utosini, kivuli cha mtu kimeingia chini ya miguu yake, na shoti ya siku hiyo haiungani na ya siku ya kwanza hata uifanyeje kwenye kompyuta. Baada ya hapo yanakuja maji mafu, hayapwi vya kutosha, na mwani unabaki chini ya maji. Ukikosa, unangoja wiki mbili.

Muigizaji wetu mkuu aliugua siku ya kwanza. Siku ya pili tulipata nusu. Siku ya tatu upepo ulichafua sauti yote. Tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye nyumba ya kukodi, tunakula mara tatu, na muongozaji akasema tungoje bamvua nyengine hapo hapo, maana kurudi mjini na vyombo na kuja tena kungegharimu karibu sawa. Bibi mmoja mkulima aliyekuwa akitutazama aliniuliza, "Mwanangu, hamkumuuliza mtu kabla ya kuja?" Hatukumuuliza. Wao wanaijua kalenda ile kama wanavyojua majina ya watoto wao.

Kwa hiyo: kabla ya kupanga siku ya kupiga picha ufukweni, chukua jedwali la maji kupwa na kujaa, likae juu ya kalenda ya mwezi, kisha nenda kijijini umuulize mkulima au mvuvi. Anzeni siku ya kwanza ya bamvua na mandhari inayohitaji maji yaliyopwa, hata kama katika hadithi iko mwisho. Wekeni mandhari za ndani ya nyumba kuwa akiba kwa siku za maji mafu. Na andikeni kwenye bajeti siku za ziada, chakula chake na malazi yake, kabla hamjaondoka mjini.

Zile wiki mbili zililipiwa na arubuni. Ilikuwa Shaaban, watu wanaoa kabla ya Ramadhani, na wengine walikuwa wameshaweka nafasi za mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Kwenye ule mfuko wa tatu mlikuwa na pesa za familia saba. Mie ndiye niliyezitoa. Niliambiwa tutazirudisha kabla ya Idi, nikatia sahihi mwenyewe kwenye daftari, na sikuzirudisha kwa sababu hazikuwepo. Familia tatu nilikwenda kuwaambia uso kwa uso kwamba hatuna mtu wa kuja, hatuna na pesa. Mama mmoja wa Amani alinikaribisha, akanipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya mwanangu, nimekusikia." Hakusema zaidi. Nilimaliza kuwalipa wote 2017, kutoka mshahara wa kufundisha. Lakini baada ya mfunguo mosi ule simu ya harusi haikulia tena, na bila ya harusi hapakuwa na kodi ya Mlandege, hapakuwa na mafuta, na filamu zote tatu zikasimama hapo zilipo.

Kuuza bila kujimaliza

Filamu ya kwanza tuliuza masta, yaani nakala mama. Mnunuzi mmoja wa Bara alitoa pesa taslimu, mara moja, akachukua masta na kila kilichomo. Siku ile tuliona tumepata. Filamu hiyo si yetu tena, na haitakuwa yetu.

Ya pili mpiga picha wetu alikataa. Akachana karatasi kwenye daftari langu hili hili, akaandika nusu ukurasa: mnunuzi anapewa haki ya DVD tu, Tanzania tu, kwa miaka mitatu tu, baada ya hapo kila kitu kinarudi. Sahihi mbili, mashahidi wawili. Nusu ukurasa huo ndio mali kubwa kuliko zote tuliyowahi kuwa nayo, kuliko kamera, kuliko jenereta. Anayetaka filamu yako muulize mambo matatu: unaitaka kwa chombo gani, kwa nchi gani, kwa muda gani? Asiyekubali kujibu, msiuze.

Kufunga kwa adabu

Kampuni ikishindwa, ifungeni. Msiiache ijifie. Sisi tulipunguza kuonana tu, mmoja hakuja Jumamosi, mwengine akaacha kupokea simu, mpaka siku mwenye nyumba alipobadilisha kufuli.

Fanyeni kikao cha mwisho hata kama hamsemeshani. Orodhesheni madeni na nani analipa lipi. Malizaneni na watu wa mapato, na jina lifutwe kwenye usajili ili kodi zisiendelee kuhesabiwa. Orodhesheni vyombo mgawane au mviuze. Kamera iuzeni upesi, hapa kwetu chumvi na unyevunyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi ikikaa kabatini. Kazi zote, filamu, sauti na picha ghafi, ziwekeni kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti, na kila baada ya miezi sita mtu aziwashe ahakikishe zinafunguka. Diski yetu moja ilikufa kimya. Ya pili ilikuwa kwangu, chini ya kanga.

Ikiwa mmeshachelewa

Mwaka 2021 kituo kimoja cha televisheni kiliitaka filamu yetu ya pili. Waliuliza karatasi: nani mwenye haki, na ilimfikia vipi. Ule nusu ukurasa ukathibitisha kwamba haki imerudi kwetu. Lakini "kwetu" ni nani?

Muongozaji na mhariri walikuwa Unguja, hao walitia sahihi mbele ya wakili siku moja, kila mmoja kwa saa yake. Mpiga picha yuko Muscat. Hati yake ya uwakala ilipitia Ubalozi wa Tanzania kule, ikaja na mtu wa kwao. Na mtu wetu wa sauti alifariki 2018. Kaacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Fungu lake la filamu, moja katika tano, ni mirathi. Mke ana thumuni, moja katika nane, mama ana sudusi, moja katika sita, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja moja. Likigawiwa mafungu 24, mke anapata 3, mama 4, na 17 ya watoto. Filamu iliyotengenezwa na watu watano sasa ilikuwa na wenyewe tisa, watatu kati yao wadogo, na ya wadogo ikabidi tupite Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ilituchukua miezi mitano. Kama tungesajili kampuni na kuandika nani anatia sahihi, ingetuchukua asubuhi moja, na warithi wangepata haki yao ile ile.

Ukiwa na kazi hii, anza na aliye mbali na umalize na mwenye msiba, na kwa mwenye msiba usipeleke karatasi kwa mkono wa mtu. Nilipanda boti hadi Mkoani, nikapanda gari mpaka Chake, nyengine mpaka Wete. Nikapiga hodi. Bi Mkubwa alikuwa ukumbini, anachambua mchele. Nilimwambia nilichojia, nikamsomea karatasi yote, kisha nikamuwekea filamu kwenye laptopu ili ajue anachokitilia sahihi. Alitizama kidogo, akauliza mwanawe yuko wapi humo. Nikamwambia haonekani, yeye alikuwa upande wa sauti. Akaitika, akasubiri.

Nilikuwa nimeichukua diski yote. Nikafungua sauti ghafi. Kila kabla ya kupiga picha alikuwa akitaja namba ya mandhari, na mwisho wa kila mahali aliwaomba watu wote wanyamaze dakika moja arikodi utulivu wa pale, ili mhariri apate kuunganisha. "Jamani, dakika moja, kimya," akasema mle ndani, kwa lafudhi yake ya Wete. Kisha ikaja ile dakika: mawimbi mbali, kuku, mtu anakohoa, na karibu na maiki, yeye anavuta pumzi.

Bi Mkubwa akaniomba nimrudishie. Nikamrudishia mara nne. Halafu akatia dole gumba kwenye wino, akaniuliza kama na hiyo inauzwa pamoja na filamu. Nikamwambia hapana, Bi Mkubwa, hiyo ni yako. Niliinakili kwenye kadi ya simu yake, mjukuu akamuonesha pa kubonyeza, ndipo nikaondoka kuwahi gari ya Chake.